Joto na banda: Jinsi ya kuzalisha kuku katika jua la Lodwar na Kakuma

Ifikapo saa nane mchana mjini Lodwar, kuku aliyefungiwa ndani ya banda la mabati huwa hana pa kukimbilia. Huachama mdomo, hutanua mabawa yake na kutweta kama mbwa aliyetoka mawindoni. Banda lisipobadilishwa, baadhi ya kuku hao hawalioni jua likitua.

Ufugaji wa kuku umekuwa ukienea katika miji na makazi ya wakimbizi ya Kaunti ya Turkana, lakini maarifa mengi yanayofuatwa yalitungwa kwa ajili ya nyanda za juu. Vitabu na vijikaratasi vya mafunzo huhimiza mfugaji amkinge kuku dhidi ya baridi. Turkana, adui mkuu ni joto, na banda linalofaa Naivasha au Kiambu laweza kuwa tanuri Lodwar.

Makala haya yanaeleza viwango vya joto vinavyomfaa kuku katika kila hatua ya uzazi wake, kuanzia yai hadi kuku anayetaga, na namna ya kujenga banda litakalomhifadhi katika mazingira hayo.

Kwa nini kuku

Kwa karne nyingi Waturkana wamekuwa wafugaji wa ngamia, ng'ombe, mbuzi, kondoo na punda. Kuku hakuwa na nafasi kubwa katika maisha ya kuhamahama, kwa kuwa hawezi kuswagwa kwa miguu kufuata malisho.

Hali imebadilika kadiri watu wanavyohamia mijini. Ukame wa kuanzia mwaka 2020 hadi mapema mwaka 2023, ambapo misimu mitano mfululizo ya mvua ilikosa kuleta mvua ya kutosha, uliangamiza zaidi ya mifugo milioni 2 katika kaunti kame za Kenya. Familia nyingi zilizopoteza mbuzi na ng'ombe zilijikuta pembezoni mwa miji kama Lodwar, Kakuma na Lokichar zikitafuta njia nyingine ya riziki.

Kambi ya Kakuma nayo ilianzishwa mwaka 1992 kufuatia kuwasili kwa vijana waliokimbia vita vya Sudan. Mwaka 2016 makazi ya Kalobeyei yalifunguliwa magharibi mwa kambi hiyo, yakikusudiwa kuwawezesha wakimbizi na wenyeji kujitegemea. Sehemu hizo mbili huhifadhi takriban watu 300,000, wakiwemo raia wa Sudan Kusini, Somalia, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, Burundi, Ethiopia na Sudan.

Kwa miaka mingi wakimbizi hawakuruhusiwa kufuga mifugo mikubwa, hasa kwa kuhofia mizozo na wenyeji kuhusu malisho na maji. Kuku, ambaye hutosheka na ua mdogo, hakuleta shida hiyo. Umuhimu wake uliongezeka mwaka 2025, wakati Shirika la Mpango wa Chakula Duniani (WFP) lilipolazimika kupunguza sana mgao wa chakula kutokana na upungufu wa fedha za wafadhili. Kwa mama aliyepunguziwa mgao, mayai machache kwa wiki ni kitoweo cha watoto na pia ni fedha za sabuni na daftari.

Ndiyo maana kifo cha kuku kumi mchana mmoja si jambo dogo kwa familia kama hiyo.

Hali ya hewa ilivyo

Lodwar uko kando ya Mto Turkwel, takriban mita 500 juu ya usawa wa bahari. Joto la mchana hufikia wastani wa nyuzi 35 hadi 36 za Selsiasi karibu mwaka mzima, na usiku hushuka hadi nyuzi 24 hivi. Mvua ni takriban milimita 200 kwa mwaka, nayo hunyesha bila ratiba ya kuaminika. Kakuma, iliyo kando ya Mto Tarach kaskazini-magharibi mwa Lodwar, ina hali inayofanana na hiyo.

Mambo matatu katika hali hiyo humhusu mfugaji. Kwanza, kuku hapati ubaridi wa kutosha usiku wa kumwondolea uchovu wa mchana. Pili, hewa ni kavu. Tatu, upepo ni mwingi, hasa ule utokao kusini-mashariki. Ni upepo huohuo unaoendesha mitambo ya umeme ng'ambo ya Ziwa Turkana, katika Kaunti ya Marsabit.

La kwanza ni hasara. La pili na la tatu, kama itakavyoonekana, ni msaada kwa mfugaji anayejua kuvitumia vitu hivyo.

Mwili wa kuku mbele ya joto

Joto la kawaida la mwili wa kuku mkubwa ni karibu nyuzi 41. Kuku hana tezi za jasho, na manyoya yake ni blanketi asiloweza kulivua. Hupunguza joto kwa njia mbili tu: kulitoa kupitia ngozi isiyo na manyoya, kama vile undu wake, masikio na miguu, na kutweta ili unyevu wa kooni na mapafuni uvukizwe na kuondoka na joto.

Kuku mkubwa hustarehe katika joto la nyuzi 18 hadi 24. Likipita nyuzi 27, huanza kupunguza chakula. Likipita 30, hunywa maji mengi zaidi, hutaga mayai machache na madogo, na maganda huwa mepesi. Nyuzi 35 ni hatari, na kuanzia 38 mfugaji hana budi kuchukua hatua za dharura. Joto la mwili wenyewe likikaribia nyuzi 46 au 47, kuku hufa.

Ganda kuwa jepesi si kwa sababu ya ukosefu wa chokaa pekee. Kuku anapotweta hupoteza hewa ya kaboni iliyomo katika damu, damu hubadilika, na kalsiamu inayohitajika kujenga ganda haipatikani vyema. Mfugaji aweza kuongeza chokaa kwenye chakula bila kuona nafuu, iwapo banda limebaki na joto lilelile.

Jogoo pia huathirika. Joto kali la siku kadhaa hudhoofisha mbegu zake, na huenda zikapita wiki kadhaa kabla ya kurejea hali ya kawaida. Mayai yasiyo na mbegu yanapoongezeka baada ya kipindi cha jua kali, lawama mara nyingi huelekezwa kwa tetea au kwa mashine, ilhali kisa ni jogoo aliyeshindwa na joto. Inapendekezwa kuwa na jogoo mmoja kwa matetea wanane hadi kumi, na kumweka jogoo wa akiba.

Hapa ndipo ukavu wa hewa unapokuwa rehema. Kutweta huondoa joto vizuri zaidi pale hewa inapokuwa kavu. Kuku wa Mombasa, katika joto la nyuzi 33 na unyevu wa bahari, huteseka kuliko wa Lodwar katika joto hilohilo. Sharti ni moja: kuku wa Lodwar awe na maji.

Kuchagua mbegu

Kuku wazito wa nyama, wanaokua haraka na kuzalisha joto jingi mwilini, ndio wa kwanza kufa katika joto kali. Hao huhitaji uangalizi ambao ni mgumu kuutoa Turkana, hasa wanapokaribia umri wa kuchinjwa.

Kuku wa kienyeji hustahimili zaidi kwa kuwa ni wepesi. Miongoni mwao, kuku kishingo, yaani asiye na manyoya shingoni, ana sifa ya pekee. Ana manyoya machache mwilini kote, hivyo hutoa joto kwa urahisi. Kuku mwenye manyoya yaliyojipinda ana faida inayokaribiana na hiyo. Wafugaji wengi huwadharau kuku hawa kwa sura yao, lakini katika jua la Turkana ndio wanaofaa kuwa mbegu.

Kuku wa kienyeji walioboreshwa na Shirika la Utafiti wa Kilimo na Mifugo (KALRO) katika kituo chake cha Naivasha hutaga zaidi kuliko kienyeji wa kawaida. Anayewapeleka Turkana yafaa akumbuke kuwa sifa hiyo huonekana pale tu banda na lishe vinapokuwa sawa.

Banda lenyewe

Mahali pa kujenga huchaguliwa kabla ya vifaa. Kivuli cha mti ni paa la kwanza. Mwiba wa kienyeji au hata mathenge iliyopogolewa vizuri huweza kupunguza jua linalopiga banda. Banda lisijengwe ukingoni mwa laga, hata kama pana kivuli kizuri. Kawalase mjini Lodwar na Tarach huko Kakuma hukauka kwa miezi mingi, kisha hufurika ghafla kwa mvua iliyonyesha mbali.

Banda lielekee mashariki na magharibi kwa urefu wake. Kwa namna hiyo jua la asubuhi na la jioni hupiga kuta fupi za mwisho, na pande ndefu hubaki kivulini. Faida ya pili ni kwamba upepo wa kusini-mashariki huingia kupitia upande mrefu na kutokea upande wa pili. Kuta fupi zijengwe imara hadi juu, kwa matofali ya udongo au mawe.

Pande ndefu zisizibwe. Ukuta wa chini wa sentimita 30 hadi 50 unatosha kuzuia mchanga na maji ya mvua. Sehemu yote ya juu iwe ya waya wenye matundu madogo, yasiyozidi sentimita moja na nusu, ili kuwazuia nyoka, nguchiro na panya. Magunia yaliyoshonwa pamoja yaning'inizwe nje kama pazia, yashushwe wakati wa vumbi au usiku wa upepo mkali, na kukunjwa mchana.

Upana wa banda usizidi mita 8, la sivyo hewa ya katikati hubaki palepale. Kwa mfugaji wa kuku 50, banda la mita 3 kwa 5 latosha.

Paa ndilo linaloamua mengi. Bati lililopigwa na jua hutoa joto kuelekea chini kama jiko lililopinduliwa. Paa la makuti ya mkoma, mti unaomea kwa wingi kando ya Turkwel, ni baridi zaidi, ingawa huhitaji kubadilishwa na kuchunguzwa dhidi ya mchwa na moto. Aliye na mabati tayari hana haja ya kuyang'oa. Ayafunike kwa makuti au nyasi, aache nafasi ya kiganja kati ya bati na makuti ili hewa ipite, au ayapake chokaa nyeupe juu inayorudisha mionzi ya jua.

Paa liinuliwe angalau mita 2.5 juu ya sakafu, na ukingo wake utokeze nje kiasi cha mita moja ili kuta zisipigwe na jua. Pale pande mbili za paa zinapokutana, pawe na mwanya uliofunikwa kwa kofia ndogo ya bati. Hewa ya moto hupanda na kutokea hapo, na hewa baridi huvutwa kutoka chini.

Nafasi, sakafu na viota

Kila kuku ni jiko dogo. Kadiri wanavyosongamana ndivyo wanavyopashana joto. Katika nyanda za juu kuku wanne hadi watano hukaa katika mita moja ya mraba bila shida. Turkana, idadi hiyo yafaa ishuke hadi watatu au wanne.

Matandazo ya sakafuni yasiwe manene. Sentimita 5 za maranda ya mbao, au mchanga safi wa laga, zinatosha. Matandazo ya kina kirefu, yanayosifiwa penye baridi, huoza na kutoa joto na gesi kali ya amonia. Mchanga una faida nyingine: kuku hujichimbia na kulaza kifua mahali penye ubaridi.

Vichanja vya kulalia vipewe sentimita 20 kwa kila kuku, navyo visiwe karibu na paa. Viota viwe na ukubwa wa sentimita 30 kila upande, kimoja kwa matetea wanne au watano. Kiota kinahitaji giza, lakini sanduku lililozibwa kote ni mtego wa joto. Chungu cha udongo kilichozikwa nusu mchangani, kivulini, ni kiota bora. Udongo hukaa baridi, na tetea anaweza kuatamia humo siku 21 bila kulazimika kuondoka mara kwa mara kwa ajili ya joto.

Yai linaloamka kabla ya wakati

Hasara kubwa ya uzazi wa kuku Turkana hutokea mahali ambapo wengi hawapatazami, yaani katika siku chache kati ya yai kutagwa na kuatamiwa.

Kiini cha uhai ndani ya yai lenye mbegu hulala pale joto linapokuwa chini ya nyuzi 20 au 21. Juu ya hapo huanza kuamka polepole, na kuanzia nyuzi 27 hivi hukua, ingawa hukua kwa njia isiyokamilika. Yai lililowekwa kwenye kikapu chumbani Lodwar, penye nyuzi 30 na zaidi, huanza safari ya kuwa kifaranga bila joto la kutosha kuifikisha mwisho. Uhai huo hufa. Siku ya kuangua, mwenye mayai huona mengi yameoza, naye hudhani aliuziwa mayai mabovu.

Mayai ya kuzalisha yahifadhiwe katika nyuzi 15 hadi 18. Yasipopata ubaridi huo, yasikae zaidi ya siku tatu au nne kabla ya kuatamiwa. Yakusanywe mara tatu au nne kwa siku, la mwisho kabla ya joto la mchana.

Kwa wasio na jokofu, ukavu wa hewa husaidia tena. Chungu kidogo huwekwa ndani ya chungu kikubwa, na nafasi iliyo kati yao hujazwa mchanga unaonyunyiziwa maji asubuhi na jioni. Maji yanapovukizwa huondoka na joto. Mbinu hii ya kale ilipata sifa upya kupitia mwalimu wa Nigeria, Mohammed Bah Abba, aliyeieneza kaskazini mwa nchi yake katika miaka ya 1990. Vyungu hivyo hufunikwa kwa kitambaa kibichi na kuwekwa kivulini penye upepo. Namna nyingine ni kabati la waya lenye kuta mbili zilizojazwa makaa, ambayo huloweshwa kila siku. Mayai yenyewe yabaki makavu.

Mashine za kuangua zinazotumia umeme wa jua zimewafikia wafugaji wengi wadogo. Yai huhitaji nyuzi 37.5 hadi 37.8 katika mashine yenye feni. Anayenunua mashine hiyo ajue jambo moja: mashine nyingi ndogo huweza kuongeza joto tu, haziwezi kulipunguza. Mashine ikiwekwa ndani ya nyumba ya mabati ambayo mchana hufikia nyuzi 40, haina namna ya kuyaokoa mayai. Saa chache katika nyuzi 40 hutosha kuua uhai ulio ndani ya yai.

Kwa hiyo chumba cha mashine kihitajiwe kabla ya mashine yenyewe. Kiwe na kuta nene za udongo, paa la makuti, na joto lililo karibu na nyuzi 25 kadiri inavyowezekana. Sahani ya maji ndani ya mashine isikauke. Unyevu unaotakiwa ni asilimia 50 hadi 55 katika siku 18 za kwanza, na asilimia 65 au zaidi katika siku tatu za mwisho. Katika hewa ya Turkana maji hayo hukauka upesi, na kifaranga hugandamana na utando wa yai asiweze kutoka.

Asiyeweza kukidhi masharti hayo hatapata hasara akimwachia kazi tetea wa kienyeji. Tetea hupima joto kwa ngozi ya kifua chake, na huinuka pale yai linapozidi moto.

Vifaranga: baridi ya usiku, moto wa mchana

Vifaranga wa siku moja husafirishwa hadi Turkana kutoka kusini kwa njia ya barabara, kupitia Kitale. Akiba ya kiini cha yai iliyo tumboni huweza kumhifadhi kifaranga hadi saa 72, lakini joto la ndani ya basi humkausha mapema zaidi. Safari ya usiku ndiyo salama. Wafikapo, wapewe kwanza maji yasiyo ya moto, yenye glukosi kidogo, na chakula baada ya saa mbili au tatu.

Kifaranga hawezi kudhibiti joto lake katika siku za mwanzo. Wiki ya kwanza huhitaji nyuzi 32 hadi 35, na kila wiki kiwango hupungua kwa nyuzi 3 hivi mpaka kufika 21. Ukivilinganisha viwango hivyo na hali ya hewa ya Lodwar, utaona kuwa mchana wa Lodwar ni bruda isiyolipiwa.

Hatari imo katika kufuata mwongozo wa nyanda za juu bila kufikiri. Jiko la makaa linaloachwa likiwaka mchana kutwa huwaua vifaranga kwa joto, na katika chumba kilichofungwa huwaua kwa gesi ya sumu, ambayo haina harufu wala rangi. Gesi hiyo huua binadamu pia.

Jiko au taa iwashwe jioni na kuzimwa asubuhi, kwa wiki mbili za kwanza. Wiki ya tatu hutegemea upepo wa usiku. Kufikia wiki ya nne, vifaranga wa Lodwar kwa kawaida hawahitaji moto wowote. Vifaranga wazungushiwe uzio wa duara wa karatasi ngumu, kwa kuwa kwenye pembe hulaliana na kufa.

Kipimajoto kining'inizwe usawa wa mgongo wa kifaranga, si juu ukutani. Asiye na kipimajoto awatazame vifaranga wenyewe. Wakirundikana chini ya jiko, wanaona baridi. Wakikimbilia ukingoni huku wakitweta, joto limezidi. Wakitawanyika sawasawa wakila na kunywa, hali ni njema.

Maji kwanza, chakula baadaye

Penye ubaridi, kuku hunywa lita 2 za maji kwa kila kilo ya chakula anachokula. Joto likipita nyuzi 35, huhitaji lita 4 au zaidi. Kuku 100 wakubwa, ambao kwa kawaida hunywa lita 20 hadi 25 kwa siku, huweza kuhitaji mara mbili ya hizo.

Katika eneo ambalo akina mama hupanga foleni za mitungi, hesabu hiyo ni nzito. Ndiyo kipimo cha kweli cha idadi ya kuku ambao familia inaweza kufuga. Afadhali kuku 15 wanaokunywa kuliko 40 wanaotweta.

Maji yawe baridi. Maji yaliyokaa kwenye tangi jeusi juani huwa moto, na kuku huyakataa hata akiwa na kiu. Yahamishiwe kwenye mtungi wa udongo, na vyombo vya kunywea viwekwe kivulini na kubadilishwa angalau mara tatu kwa siku. Baadhi ya visima vya Turkana vina maji ya chumvi, ambayo huwaharisha kuku na kuwaongezea kiu. Maji ambayo binadamu anayaona ya chumvi yasipewe vifaranga.

Chakula nacho huzalisha joto mwilini kinapomeng'enywa, na joto hilo hufikia kilele saa kadhaa baada ya kula. Kuku aliyelishwa saa tano asubuhi hubeba mzigo huo wakati jua ni kali zaidi. Alishwe alfajiri hadi saa tatu asubuhi, na tena kuanzia saa kumi na moja jioni. Mchana abakiziwe maji na majani mabichi pekee.

Maji yaliyokwisha kunawia yasimwagwe. Yakinyunyizwa kwenye magunia yanayoning'inia upande unaotoka upepo, hewa inayoingia bandani hupungua joto kwa kiasi cha kuokoa maisha.

Chanjo katika nchi ya joto

Ugonjwa wa kideri, unaojulikana pia kama Newcastle, huweza kufagia kuku wa kijiji kizima kwa siku chache. Hauna tiba, una chanjo. Taasisi ya Uzalishaji Chanjo za Mifugo nchini (KEVEVAPI) hutengeneza chanjo hiyo.

Chanjo za kawaida hutunzwa kati ya nyuzi 2 na 8, na joto la njiani huziharibu. Ile inayoitwa I-2, iliyobuniwa nchini Australia kwa ajili ya vijiji vya nchi za joto, hustahimili zaidi, lakini si ruhusa ya kuianika juani. Hutolewa tone moja jichoni, na hurudiwa kila baada ya miezi minne hivi.

Wanaochanja kwa maji ya kunywa wanakabiliwa na tatizo jingine. Maji ya mabomba kambini hutiwa klorini ili kuua viini vya maradhi, na klorini hiyo huua chanjo pia. Maziwa ya unga yasiyo na mafuta, gramu 2 hadi 3 kwa lita, yakitangulizwa katika maji huondoa nguvu ya klorini. Chanjo itolewe alfajiri, wala kuku wasikamatwe, kuhamishwa au kupelekwa sokoni mchana wa jua kali.

Wakati wa dharura

Kuku anayetweta huku akiwa amesimama bado ana nguvu. Anapolala chini, akafumba macho, undu ukageuka rangi na mabawa yakaachia, dakika ni chache. Miguu yake itumbukizwe katika maji ya kawaida hadi magotini, undu wake uloweshwe, na alazwe kivulini penye upepo. Asimwagiwe maji baridi sana kwa ghafla. Akizinduka anyweshwe maji kidogo kidogo.

Walio hai wengine wafunguliwe watoke. Chini ya mti kuku hupona haraka kuliko ndani ya banda zuri lililojaa.

Sungura na wanyama wadogo wengine

Kanuni hizi huwafaa pia wafugaji wa sungura, ambao huvumilia joto kidogo kuliko kuku. Sungura hupenda nyuzi 15 hadi 21. Likipita 30 kwa siku kadhaa, dume huweza kuwa tasa kwa wiki nyingi, na jike hula watoto wake au kuwaacha. Vizimba vyao visiwe vya bati, na chupa ya maji iliyogandishwa, aliye nayo, iwekwe kando yao mchana.

Hata panya weupe wanaozalishwa katika maabara za utafiti, pamoja na wale wanaolishwa nyoka katika vituo vinavyokamua sumu kwa ajili ya tafiti za dawa za kuumwa na nyoka, huwekwa katika vyumba vya nyuzi 20 hadi 26 na unyevu wa asilimia 40 hadi 70. Unyevu ukishuka sana, watoto wa panya hupata vidonda vya mviringo mkiani na mkia hukatika. Mnyama mdogo, awe wa aina gani, huonyesha kosa la banda upesi kuliko ng'ombe au ngamia.

Hatua ya kwanza

Kwa mfugaji wa Lodwar au Kakuma asiye na fedha za kujenga upya, hatua tatu hazina gharama kubwa. Bati lifunikwe kwa makuti. Kuta za pande ndefu zifunguliwe na kuwekwa waya. Idadi ya kuku ilinganishwe na mitungi ya maji inayopatikana kwa siku, wala si ukubwa wa ua.

Kipimajoto kikining'inizwa bandani kwa wiki moja, kikasomwa saa nane mchana na saa kumi alfajiri, kitamweleza mfugaji kama banda lake ni makazi au ni tanuri. Akiyajua hayo kabla ya kununua vifaranga, atakuwa ameepuka hasara ambayo wengi wameipata kwa kuhesabu mizoga.